Mzimu wa Shati la Mtumba

Asubuhi ya Jumatatu Lusia alikuwa ameinamia beseni anafua nepi, na mama mkwe wake, ambaye watu wote wa machimbo ya Nhumbili walimwita Mama Ngassa, alikuwa amekaa kwenye kigoda anataja majina ya marehemu. Mtoto alikuwa chali mapajani mwake, analia. Alikuwa analia tangu azaliwe, akipumzika kunyonya tu. Hakuna aliyejisumbua kumrudisha zahanati, kwa sababu nesi mwenyewe alikuwa Msukuma na alishawaambia safari ya kwanza: huyu haumwi, huyu anataka jina.

Lilikuwa jambo la kawaida. Mtoto huja na mtu wake. Mtu huyo ni marehemu, anataka atajwe, na akitajwa mtoto hunyamaza. Kazi ni kumpata tu, maana marehemu hawana tabia ya kujitambulisha. Basi Mama Ngassa alitaja. Alitaja upande wa baba na upande wa mama, wafugaji na waganga, shangazi aliyeumwa na nyoka, babu aliyekufa kwa pombe na watu wakakubaliana kusema ni kifua. Alitaja hata mjomba mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumpenda. Mtoto alilia.

Jina moja hakulitaja. Ngassa, mwanawe, baba wa mtoto huyo, alikuwa ameshuka kwenye duara la Thobias, shimo la kuchimbia dhahabu, wakati wa mvua, Lusia akiwa na mimba kubwa, na shimo likatitia. Duara likititia huwa halihitaji maelezo mengi: nguzo za mbao wanazoziita matimba zinavunjika, na udongo unarudi mahali ulipotolewa. Lakini Thobias, mwenye duara, alikuwa na maelezo. Alisema Ngassa hakuwemo. Alisema alishatoka kimyakimya na kiroba cha mawe ya dhahabu, akakimbilia Geita, tena na mwanamke. Ndala za Ngassa zilikutwa mdomoni mwa shimo, zimewekwa sambamba kama anavyoziweka mtu anayeshuka kazini. Thobias alieleza kwamba wezi wengi hukimbia peku.

Kufukua duara ni kazi kubwa, na likifukuliwa akakutwa mtu ndani, wakaguzi hulifunga, na mwenyewe huanza kuitwa huku na huku. Ilikuwa nafuu kwa kila mtu Ngassa awe mwizi. Wachimbaji wenzake walilijua hilo, wakainamisha vichwa, wakahamia duara la jirani, ambalo nalo lilikuwa la Thobias.

Lusia aliamini mumewe yuko chini. Mama Ngassa alimwamini Thobias, na alimwamini kwa nguvu zake zote, kwa sababu katika maneno ya Thobias mwanawe alikuwa mwizi na mzinzi lakini alikuwa anapumua. Jina la mtu anayepumua hapewi mtoto mchanga anayelia. Ukilitoa, umeshamzika.

"Mayu, jaribu na hilo moja," alisema Lusia bila kuinua macho kwenye beseni.

"Yaya," alikataa Mama Ngassa kwa Kisukuma.

"Mtoto ataisha kwa kulia."

"Mwanangu hajafa. Atarudi hapa anipigie magoti aniombe radhi. Nipe majina mengine."

Majina mengine yalikuwa yameisha. Hapo akaingia Pantaleo, mdogo wake Ngassa, anatoka Kahama. Alikuwa amepitia kwenye mitumba ya Nyasubi akanunua shati: shati la kazi, la kijivu, kitambaa kigumu, na juu ya mfuko wa kifua limeshonewa kibandiko cheupe chenye maandishi mekundu. Pantaleo alikuwa mtu wa mzaha hata pale ambapo mzaha hautakiwi. Alipomwona mama yake amekwama, alijishika kifua akasoma.

"Mjaribuni na huyu basi. Miller."

Mtoto akanyamaza. Alifungua macho, akapiga chafya, akalala. Kimya kilikuwa kikubwa hata wakasikia karasha la Thobias, mashine yake ya kusagia, likinguruma ng'ambo ya barabara, ambalo siku zote lilikuwa likinguruma.

Mama Ngassa alimtazama Pantaleo kwa hasira, lakini utaratibu ni utaratibu na jina lilikuwa limekubaliwa. Alichota unga mweupe wa mtama, akampaka mtoto kwenye paji la uso, akamwita Miller. Tangu hapo Lusia akawa Mama Miller.

"Ni wa ukoo gani huyo?" Mama Ngassa aliuliza.

"Wa mitumba," alisema Pantaleo.

"Atakuja kujieleza mwenyewe."

Alikuja Alhamisi jioni. Alikuwa mzee mfupi, kifua kipana, mweupe kwa namna mbili: weupe wa Kizungu, na juu yake weupe wa unga. Alikuwa na unga kwenye nyusi, masikioni na ndani ya mikunjo ya shingo. Suruali yake ilifungwa kwa kamba chini ya magoti, na viatu vyake ni vya aina ambayo fundi yeyote wa Shinyanga angevirudisha kwa mwenyewe. Alikuwa amekufa kwa miaka mia sita na ushee. Alipiga hodi. Mbwa hakubweka, maana mbwa habwekei watu wa nyumbani.

"Mwadila," alisalimia, kwa Kisukuma safi chenye lafudhi ya Mhunze, wilayani Kishapu, jambo lililoiudhi kidogo familia hiyo, ambayo haikuwa na ndugu hata mmoja huko.

"Shikamoo, mzee," alisema Pantaleo.

"Marahaba. Nani amevaa jina langu?"

Walimpa kigoda na maziwa ya mgando, wakamwonyesha mtoto, kisha Mama Ngassa akamtaka aeleze alikotoka, kama anavyotakiwa kueleza mzimu yeyote anayetaka kukaa kwenye mji wa watu. Mzee alieleza. Kwao kulikuwa na kijito, na kwenye kijito gurudumu la mbao, na gurudumu lilizungusha jiwe juu ya jiwe. Watu walileta ngano, yeye akasaga. Kijiji kilikuwa na akina Yohana watatu, na ili wasichanganywe mmoja akaitwa Yohana wa daraja, wa pili Yohana mwekundu, na yeye Yohana msagaji.

"Miller ni hilo tu," alisema. "Msagaji. Haukuwa ukoo, ilikuwa kazi. Ni kama kumwita mtu Mchimbaji."

"Hapa tunawaita hivyo hivyo," alisema Pantaleo, "halafu hatuwaiti kitu kingine."

Mzee alisema mwanawe wa kwanza alisaga, kwa hiyo jina likamkaa. Wa pili alikuwa kinyozi, naye wakamwita Miller, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Wakaja akina Miller askari, Miller mawakili, Miller mwizi wa farasi, Miller mng'oa meno. Jina likabandikwa kwenye mitaa, kwenye milango ya ofisi, kwenye chupa za bia. Mwisho kabisa akaja Miller fundi magari, mtu mpole, ambaye mkewe aliligawa shati lake baada ya mazishi, na ndilo hilo alilovaa Pantaleo.

"Wamelivaa wote," mzee alisema, "na hakuna hata mmoja anayejua jiwe la kusagia linachongwaje. Nimeitwa mahakamani, nimeitwa baa, nimeitwa kwenye foleni za posta. Kila mara nasimama, kisha nagundua wanaita mtu mwingine. Huyu mtoto wenu ndiye wa kwanza kuniita huku analia."

Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli, na Lusia akamwonea huruma. Akamwongezea maziwa.

Mzee alitega sikio upande wa barabara.

"Ile ni nini?"

"Karasha," alisema Pantaleo.

"Linasaga nini?"

"Mawe."

"Mnakula mawe?"

"Wapo wanaokula," alisema Lusia. "Si sisi."

Asubuhi yake mzee alivuka barabara. Aliweka kiganja juu ya pipa la chuma linalozunguka, akasikiliza kama nesi anavyosikiliza tumbo, akasema linatafuna upande mmoja. Walilisimamisha, wakakuta ni kweli. Alipolitengeneza, mawe yalitoka laini kama unga wa uji wa mtoto. Pantaleo akamweleza utaratibu wa pale. Mchimbaji analeta viroba vyake vya mawe, karasha linasaga, unga unaoshwa na kukamatwa kwa zebaki, na kile kidogo kinachonaswa anaondoka nacho. Tope linalobaki linaitwa marudio. Marudio ni ya mwenye karasha. Ndani ya marudio mna dhahabu nyingi kuliko aliyoondoka nayo mchimbaji, kila mtu analijua hilo, na mwenye karasha huyapeleka kwenye matangi ya dawa akaitoa kwa raha zake.

Mzee alisikiliza na uso wake ukachangamka.

"Kama kwetu kabisa," alisema. "Kinu kilikuwa cha bwana mmoja, na ilikuwa marufuku kusaga kwingine. Msagaji anachota fungu la bwana, anachota la kwake, na kinachodondoka hakiulizwi. Walituchukia sana."

Alisema hivyo kwa fahari ya mtu aliyesafiri mbali akakuta wanapika chakula cha kwao.

Thobias alikuwa amesimama nyuma yao, funguo za gari mkononi. Alishawahi kuajiri watu wasio na vitambulisho, hivyo kuajiri mtu asiye na pumzi ilikuwa hatua ndogo tu.

"Anakula?" aliuliza.

"Si sana," alisema mzee.

"Analala?"

"Nimeshalala vya kutosha."

Alimwajiri palepale. Kabla wiki haijaisha kulikuwa na kibao juu ya karasha, herufi kubwa za rangi ya dhahabu, MILLER, na wachimbaji wakawa wanapanga foleni kutoka hata Mwakitolyo, kwa sababu kusagiwa mawe na msagaji wa asili ni heshima. Marudio yalibaki kwa Thobias.

Kama ilivyo desturi ya machimboni, mmoja akipata, wote wanachimba hapohapo. Wanawake wenye watoto wanaolia waliacha kutaja mababu, wakaanza kupekua mitumba. Mmoja alipata Baker, na bibi kizee wa Kiingereza akaja akafungua biashara ya maandazi. Mwingine alipata Carter, akaja dereva wa mkokoteni aliyegombana na bodaboda wote wa kijiweni. Mama mmoja, aliyekuwa hajui kusoma, alimpa mwanawe Security. Hakuja mtu yeyote, na majirani walisema ndiyo kawaida ya walinzi.

Mzee Miller alikuwa akirudi jioni kumbeba wajina wake. Jioni moja Lusia alimngoja hadi mtoto alipotulia mikononi mwake, ndipo akauliza jambo lililokuwa kooni mwake tangu mzee huyo apige hodi.

"Babu, huko ulikotoka umemwona Ngassa?"

"Mrefu? Ana pengo hapa mbele?"

"Ndiye."

"Yupo. Amekaa karibu na mlango, udongo mwili mzima. Alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Kila mtoto alipolia alikuwa anasimama, anajipangusa, anadhani sasa ni yeye. Mlipoita la kwangu nikamwambia, kijana, hii ni nafasi yako. Akasema, nenda tu mzee, usimwache mtoto analia."

Lusia alikaa chini. Alikuwa amelijua siku zote, na kulijua hakukumsaidia chochote. Kilichomuuma zaidi ni kule kujipangusa.

Mama Ngassa alikuwa jikoni na alisikia kila neno. "Huyo ni mzee wa watu, haoni vizuri," alisema kutoka kwenye moshi. "Warefu wenye mapengo wamejaa." Kisha akaendelea kusonga ugali mpaka ukaungua.

Kesho yake Lusia alimbeba mtoto mgongoni akaenda kwa mtendaji wa kijiji, dada mmoja aitwaye Violeth, mwenye kucha nzuri na simu mbili. Hakutaka fidia. Alitaka duara lifukuliwe, mumewe atolewe, azikwe kama mtu, na jina la mwizi liondolewe juu ya mwanawe. Violeth alimsikiliza vizuri. Kuhusu shahidi kuwa marehemu hakuona tatizo: marehemu aliyepokelewa na kaya ni mkazi wa kijiji, na anaruhusiwa kusema kwenye mkutano ilimradi asikatize wenzake. Akapanga mkutano Ijumaa.

Thobias naye alipanga. Alhamisi alimpandisha mzee cheo akawa meneja. Alimpa kofia ngumu na shati jipya lenye jina kifuani, lililoshonwa kwa oda Kahama, shati la kwanza katika miaka mia sita ambalo lilikuwa lake kweli. Walioliona siku ile wanasema mzee alikuwa akilipapasa kifuani mara kwa mara.

Mkutanoni Lusia alisimama akasema yake. Kisha Violeth akamgeukia shahidi.

"Mzee Miller, huko ulikokuwa ulimwona Ngassa, ndiyo au hapana?"

Mzee alisimama. Unga ulidondoka kidogo kutoka kwenye nyusi zake.

"Mimi ni msagaji," alisema. "Nasaga ninacholetewa. Kiroba hakiniambii kimetoka shimo gani wala nani amebaki chini. Msagaji akianza kuuliza, kinu kinasimama."

"Sasa hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Ni kazi yangu."

Violeth alisema ameridhika na jibu. Thobias akashukuru mkutano na kununulia watu soda.

Lusia alimfuata mzee barabarani. "Babu, mtoto amebeba jina lako!"

"Limebebwa na wengi, mwanangu," mzee alisema, na hakumtazama. "Halijawahi kumfanya yeyote kati yao kuwa mwema."

Jioni ile mtoto alianza kulia tena. Alilia kama siku za kwanza, na kumwita Miller hakukusaidia. Mama Ngassa alimchukua kwa Lusia bila kuombwa. Alikuwa mkutanoni, amekaa nyuma, na alikuwa amemtazama yule mzee vizuri kuliko wote. Alikuwa ameona anavyosema na anavyokwepa kumtazama mama wa mtoto, na mwanamke aliyelea watoto wa kiume wawili anajua maana yake. Hadithi ya Thobias ilimfia mikononi palepale kwenye benchi, na alikuwa ameibeba hadi nyumbani kama maiti.

Alichota unga. Mkono wake ulikaa hewani muda mrefu.

"Ngassa," alisema, kwa sauti anayomwitia mama mtoto aliyekwenda kucheza kwa jirani na chakula kimeiva.

Mtoto akanyamaza. Mama Ngassa akapiga yowe, na Lusia akamshika, wakalia pamoja kwa mara ya kwanza. Majirani walisikia yowe wakajua la kufanya. Walileta mikeka, kuni na sufuria, Pantaleo akawasha moto uani, na matanga yakaanza.

Ngassa alifika matanga yakiwa bado yanaendelea, jua linazama, udongo mwekundu mwili mzima. Alimwamkia mama yake, akawaamkia wazee. Wafiwa walisogea kumpa nafasi kwenye mkeka, maana msiba ulikuwa wake. Aliomba maji. Alimchukua mwanawe akamweka kifuani, akawaambia kwa sauti ya chini mahali alipo: kwenye mkono wa kushoto wa shimo, baada ya kona ya pili, ubavu kwa ukuta. Mzee Miller alikuwepo pembeni, kofia mkononi. Alisema alikuwa amemshikia Ngassa nafasi tu kwa mtoto. Ngassa akamshukuru, kwa sababu alilelewa vizuri.

Thobias alikuja na rambirambi ya gunia la mchele, na Violeth akiwa naye. Alimwona Ngassa. Akajipiga paja.

"Si nilisema? Nilisema mimi, huyu mtu hajafa! Mtendaji, umemwona mwenyewe?"

Violeth alitazama. Kulikuwa na mwanamume amekaa kwenye mkeka anakunywa maji, na jina lake lilikuwa Ngassa.

"Mimi nimekufa," alisema Ngassa.

"Hayo unayasema wewe," alisema Thobias.

"Fukueni basi muone!" alipaza sauti Lusia. "Amewaelekeza hadi kona!"

"Mama Miller, nakuelewa," alisema Violeth kwa upole. "Lakini kijiji hakiwezi kufukua mtu ambaye amekaa hapa. Mtu mmoja hawezi kuwa sehemu mbili." Akawaambia wanawake wazime moto, kwa kuwa matanga hayakuwa na marehemu.

Thobias hakuwa mtu wa kinyongo. Palepale, mbele ya watu wote, alimsamehe Ngassa kile kiroba cha mawe alichoiba. Watu walipiga makofi. Wapo waliofuta machozi. Kisha akamwambia saa kumi na mbili asubuhi awe kazini kwenye duara jipya, na mawe atakayotoa yatasagwa na Mzee Miller, na marudio yatabaki kama kawaida.

Alfajiri Mama Ngassa alimfungia mwanawe michembe ya viazi vitamu kwenye kitambaa, akamwambia asichelewe kurudi. Lusia alisimama mlangoni na mtoto. Mdomoni mwa shimo Pantaleo alimuuliza kaka yake kama haogopi. Ngassa alisema hapana, chini ameshapazoea, ila angeomba safari hii matimba yawe ya mti mgumu, kwa sababu ya wenzake.

Thobias alisema atalifikiria.